Mwaka Niliokuwa Yesu wa Jumuiya

Mama Consolata amekufa na ubatizo wa mtoto wangu. Sijui njia nyingine ya kulisema hilo, kwa hiyo nalisema hivyo hivyo. Jumamosi iliyopita tulimzika kwao, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kando ya shamba lililovunwa likabaki mabua makavu. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa cha hema nikimpakata Wekesa, ambaye ana miaka sita na miguu mirefu isiyopakatika tena. Mzee mmoja wa parokia akashika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mama aliyemwona Kristo katika maskini. Watu wakaitikia amina. Akarudia, na wanawake wa jumuiya yake ya zamani, waliotoka Kitale na sare zao, wakaanza kulia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira kwenye mazishi haina pa kuiweka, maana huwezi kugombana na jeneza. Nilikuwa na jambo moja la kumwomba yule mama, na nilikuwa nimechelewa.

Jambo lenyewe ni hili. Katekista wa hapa Bungoma anataka kumwandikisha Wekesa kwa mafundisho, na anataka cheti cha ubatizo. Sina. Nikamwambia mtoto amebatizwa, nilimbatiza mwenyewe, Krismasi ya mwaka 2003, nikiwa Kitale. Akaweka kalamu chini akanipeleka kwa Fada. Fada akaniuliza kama mtoto alikuwa mahututi. Nikasema mimi ndiye nilikuwa mahututi. Hakucheka. Akanieleza kwa upole kwamba ubatizo wa namna hiyo unaweza kuandikwa kitabuni, mradi apatikane mtu mmoja aliyeuona kwa macho. Nikasema yupo, na si mtu wa mchezo, ni mwenyekiti wa jumuiya. Hiyo ilikuwa wiki tatu kabla ya msiba. Wiki tatu nzima nikasema nitaenda kwake kesho, na kesho yake nikawa na nguo za watu za kufua. Sasa Fada anasema hakuna neno, kuna njia nyingine: atambatiza tena, akitanguliza neno moja. Kama. Kama hujabatizwa, nakubatiza. Nimekataa. Ameniambia nikatulie nifikirie, na badala ya kutulia nimekaa hapa naandika, mwanamke wa miaka ishirini na mitano anayekumbuka kama bibi kizee, kwa sababu hilo "kama" linasema huenda siku ile haikuwepo. Ilikuwepo.

Mwaka ule nilikaa chumba cha tatu kwenye ploti ya vyumba sita, kuta za mbao, mabati juu, upande wa Kitale unaoelekea mji mdogo wa Kwanza. Baba ya Wekesa alikuwa amekwenda Nairobi kutafuta kazi na nadhani bado anaitafuta. Chumba kilikuwa na godoro chini, jiko la makaa, sufuria mbili, karai moja ya bati, na msumari ukutani ambao nilitundikia nguo zangu zote bila kuujaza. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mahindi kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja: unakaa chini kwenye turubai na wanawake wengine, unatoa mbovu, unatoa vipande vya magunzi, na vumbi la mahindi linakuingia mpaka kwenye meno. Wekesa alizaliwa mwezi wa kumi, katikati ya mavuno, ndiyo maana anaitwa Wekesa. Siku ya kumi na nne nilikuwa nimerudi kwenye turubai naye mgongoni. Alianza kukohoa akiwa na wiki tano. Kikohozi cha mtoto mchanga ni kidogo sana, kama mtu anakwaruza sahani na kijiko mbali huko, lakini ukikisikia huwezi kusikia kitu kingine. Jioni nilikunywa uji, au nilipika ugali na mboga ya mrenda, nikala nikiangalia ukuta. Sasa hivi nina watu wa kula nao na bado najikuta nakula haraka haraka, uso ukutani, kama mtu aliyekaribia kukamatwa.

Upande wa pili wa ukuta huo alikaa Mama Consolata. Alikuwa na vyumba viwili, cha nne na cha tano, na watoto wake walikuwa wakubwa wameondoka. Alikuwa Mbukusu wa Bungoma kama mimi, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na alizigeuza herufi zake namna watu wa kwetu tunavyofanya, akasema balua na Kilisto bila wasiwasi wowote. Jumuiya ilikutana kwake kila Alhamisi saa kumi. Walisali rozari, wakasoma Injili, wakanywa chai na mkate uliopakwa siagi, na siku nilizowahi kurudi kazini harufu ya ile chai yenye tangawizi ilipita kwenye nyufa za mbao ikanifikia kabla ya maombi. Nilikuwa nimewahi kuingia mara moja, mwezi wa sita, tumbo likiwa limeanza kujitangaza. Nilipofungua mlango walikuwa wanazungumza. Nilipokaa wakanyamaza. Walinipa chai, sisemi hawakunipa. Lakini nilikunywa kikombe kile chote bila mtu kuniuliza naitwa nani, na sikurudi.

Kwa hiyo nilipokwenda kumwomba barua, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, nilijua nakwenda wapi. Pale parokiani watoto walibatizwa Krismasi na Pasaka, na bila barua ya jumuiya yenye sahihi ya mwenyekiti katekista hakuandika mtu. Pasaka ilikuwa mbali, na mimi nilikuwa nahesabu kila kikohozi. Halafu kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu: nilitaka jina la mtoto wangu liandikwe mahali. Hakuwa na jina la baba. Hakuna mtu aliyekuja kumwona na kusema anafanana na fulani. Nilitaka kitabu kimoja duniani, kikubwa, chenye jalada gumu, kiseme huyu yuko. Mama Consolata alinipokea akiwa anachagua maharagwe kwenye ungo, na hakuacha kuchagua.

"Baba ya mtoto yuko wapi?"

"Nairobi."

"Nairobi wapi?"

"Mama, ningejua Nairobi wapi, si ningekuwa huko nikimgombeza?"

"Unaona? Mdomo." Akatupa jiwe nje mlangoni. "Jumuiya hukuji. Nitie sahihi gani? Niseme ni muumini wetu hai, na mara ya mwisho kukuona ukisali sijui ni rini?"

"Nilikuja. Mkanyamaza."

"Tulinyamaza tukisali."

"Mlikuwa mnasema bei ya sukari."

Aliinua macho sasa. "Wewe msichana, balua haitolewi kwa hasira. Njoo Alhamisi nne mfululizo, ukae, unyenyekee, tuone. Pasaka nitakuandikia."

Ningeweza kwenda zile Alhamisi. Leo nikiwa mkweli nasema hivyo. Saa kumi nilikuwa bado kwenye turubai, lakini ningeweza kuomba ruhusa hata mara moja. Sikuomba. Nilirudi chumbani nikafunga mlango kwa kishindo, na mlango wa mbao nyembamba hauna kishindo chochote cha maana, nikaufungua nikaufunga tena.

Sasa lazima nieleze desturi yao moja. Alhamisi ya mwisho kabla ya Krismasi jumuiya haikukaa nyumbani. Ilikwenda kwa mtu mmoja, maskini kuliko wote wa mtaa, na safari hiyo waliiita kumwona Yesu. Ilitoka kwenye Injili ile ya kondoo na mbuzi, ambapo Bwana anasema chochote alichotendewa mdogo ametendewa yeye. Waliichukua kwa dhati, namna wanawake wale walivyochukua kila kitu kwa dhati. Walimwendea na mshumaa, wakaimba njia nzima, wakampigia magoti mlangoni kwake, na mwenyekiti akamwuliza, "Bwana, tumekuja kukuona, una shida gani?" Desturi ilikuwa maskini ajibu, "Sina shida, niombeeni." Wakamwombea, wakampa vitu, wakaenda. Ni desturi nzuri. Naisema kwa moyo wangu wote, ni nzuri, ukiwa upande wa mshumaa.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili stoo ilifungwa mapema kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nimejilaza na mtoto kwenye titi, kichwa changu karibu na ukuta, nikawasikia.

"Haya, tumalize. Mwaka huu Yesu ni nani?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Consolata.

"Si turudie yule mzee wa kando ya posho mill?"

"Yule! Blanketi ya mwaka jana aliuza siku hiyo hiyo akanywa busaa."

"Kwani Yesu hanywi?" Huyu alikuwa Mama Njoki, mama wa Kikuyu aliyeuza githeri sokoni na aliyeweka hazina ya jumuiya. "Miujiza ya kwanza si alianza na pombe ya harusi?"

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. "Mama Njoki, haki utachomeka wewe."

"Basi yule mjane wa bwawani."

"Alihamia kwa binti yake, Moi's Bridge."

"Ai! Yesu amehama bila kuaga?"

Wakacheka tena. Halafu Mama Njoki akasema, kwa sauti ya chini ambayo ukuta ule haukuizuia hata kidogo, "Na huyu hapa?"

"Nani?"

"Huyu wa mtoto. Nimeona mlango ukiwa wazi, hata kitanda hana. Na ako karibu, hatutatembea na jua."

"Huyo ana kiburi, bana."

"Si maskini ni maskini? Kwani tunapima na kiburi?"

"Jina lake nani, niandike?"

Wakangoja. Nilingoja nao. Niliacha hata kupumua, nikimwangalia Wekesa amelala mdomo wazi na maziwa kwenye kidevu. Hakuna aliyejua. Wanawake kumi na mmoja, na mmoja wao tulikuwa tunaanika nguo kamba moja.

"Andika nyumba ya tatu," akasema Mama Consolata.

Nimefikiria sana ningefanya nini wiki zile mbili zilizofuata. Ningehama? Ningefunga mlango na kufuli nikae sokoni mpaka waondoke? Mtu akishajua amechaguliwa kuwa maskini, anaanza kujiangalia. Nilifagia chumba. Nikaficha sufuria iliyotoboka. Halafu nikaitoa tena, nikaiweka pale pale jikoni waione, kwa hasira, halafu nikaificha. Sikuwa na mtu wa kumwambia hata mzaha wake, kwamba Yesu ametoka Bungoma akapangiwa nyumba ya tatu.

Walikuja. Niliwasikia wakitoka chumba cha nne wakiimba, wakazunguka ploti nzima ili iwe safari, hadi nje ya geti na kurudi, kisha wakasimama mlangoni pangu, hatua tano kutoka walikoanzia. Majirani wote walitoka kuangalia. Nikafungua. Wakapiga magoti, kumi na mmoja, kwenye matope yaliyobaki ya mvua, na sare zao. Mshumaa ulizimwa na upepo Mama Njoki akauwasha tena akinong'ona na kiberiti. Mama Consolata alikuwa mbele, goti lake baya likitetemeka, na uso wake, lazima niseme hili, haukuwa wa kuigiza. Alikuwa ananiangalia kweli. Alikuwa ananiangalia na macho yake yalipita ndani yangu yakaenda kumtafuta mtu mwingine nyuma yangu.

"Bwana," akasema, "tumekuja kukuona. Una shida gani?"

"Nataka barua," nikasema.

Mtu akakohoa. Mama Consolata akasubiri, akifikiri labda nimesahau maneno. Akanisaidia, kwa sauti ya chini, kama unavyomsaidia mtoto kwenye igizo: "Sina shida..."

"Nina shida. Nataka barua ya mtoto wangu abatizwe. Umeniuliza mwenyewe. Umepiga magoti ukaniuliza."

"Yesu haombi balua," akasema.

Nyuma kabisa mtu mmoja alishindwa kujizuia akacheka, na kicheko kikawapitia wote kama upepo kwenye mahindi, wakaziba midomo na leso. Mama Consolata hakucheka. Aliinuka kwa taabu, akaweka vitu mlangoni mmoja mmoja: unga, sukari, kipande kirefu cha sabuni, blanketi ya kijivu. Wakaniombea. Wakaondoka wakiimba, hatua tano. Watu ninaowahadithia hii hupenda kusikia kwamba nilivitupa vile vitu nje. Nilisonga ugali. Niliunga mrenda, nikala nikashiba, nikamfunika mtoto wangu ile blanketi, na usiku huo hakukohoa sana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Asubuhi ya Krismasi nikaenda kanisani hivyo hivyo. Sikuwa na mpango. Kanisa lilijaa mpaka nje, watoto na nguo mpya zenye mikunjo ya dukani, na mbele kulikuwa na pango la majani ya migomba lenye mwanasesere ndani. Fada wa Kitale akahubiri kwamba Bwana alizaliwa bila nafasi ya kulala, na kwamba hata leo anabisha kwenye milango yetu. Baada ya mahubiri wakaitwa wazazi wenye watoto wa kubatizwa, na miguu yangu ikainuka. Nikasimama kwenye foleni, wa saba, nyuma ya mama mwenye mtoto aliyevaa gauni jeupe lililofika chini. Katekista alipita akikusanya barua.

"Barua yako, dada?"

"Sina."

"Jumuiya gani?"

Nikamwambia. Akageuka akatafuta kwenye viti, akamwona Mama Consolata mstari wa pili. "Mwenyekiti, huyu ni wako?"

Kila mtu aliniona nikingoja. Mama Consolata akainamisha kichwa akafungua kitabu cha nyimbo, na hatukuwa tunaimba. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Katekista, ambaye hakuwa mtu mbaya, akanishika kiwiko. "Pasaka, dada yangu. Pasaka si mbali." Nikatoka kwa mlango wa kando. Nyuma yangu nilisikia maji yakimwagika na mtoto wa kwanza akilia.

Nyumbani hapakuwa na mtu ploti nzima. Nilipasha maji, nikayapoza mpaka kiwiko changu kikakubali, nikayaweka kwenye karai. Tulipokuwa tunajiandaa kwa kipaimara tulifundishwa namna ya kumbatiza mtu anayekufa padri akiwa mbali. Tuliimba maneno kama jedwali la kuzidisha, na tulifanya mazoezi kwa kumbatiza boga. Najua mtoto wangu hakuwa anakufa siku ile. Alikuwa anakohoa tu, na alikuwa ananiangalia. Lakini padri alikuwa mbali, wasiniambie hakuwa mbali. Nikamvua, nikamshika shingo kwa mkono wa kushoto, nikachota maji na kikombe. Jina nililokuwa nimechagua ni Yosefu, kwa sababu nilitaka katika nyumba ile mwanamume mmoja ambaye hakutoroka.

"Yosefu Wekesa, nakubatiza kwa jina la Baba," nikamwaga. Akashtuka. "Na la Mwana." Mlango ukasukumwa. Sikugeuka, nilijua nikigeuka nitakosea. "Na la Roho Mtakatifu." Maji yakashuka kwenye nywele zake laini yakaingia karai, na ndipo akalia, kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia.

Mama Consolata alikuwa amesimama mlangoni na sahani iliyofunikwa sahani nyingine, bado na sare yake. Chapati na kuku, harufu ilijaza chumba. Hakukuwa na mshumaa wala mtu nyuma yake. Aliangalia karai, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi.

"Maji yametililika?" akauliza.

"Yametiririka."

"Kichwani, si kwa nguo?"

"Kichwani."

"Na Loho Mtakatifu umetaja? Nilisikia, lakini sema."

"Nimetaja."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mwenyekiti akifunga kikao. "Basi imeshika. Hata Askofu hawezi kuitoa. Nimeona mimi. Januali nitakwenda kwa ofisi niseme nimeona."

Hakwenda, kwa sababu kabla Januari haijaisha nilikuwa nimehama Kitale na mtoto wa kuandikwa, nikarudi huku, bila kumuaga, na baadaye aliporudi kwao tulikutana sokoni Bungoma mara mbili na mara zote mbili nilijifanya nina haraka. Sikutaka kumwomba sahihi kwa mara ya pili. Huo ndio ukweli, na Fada nitamwambia hivyo hivyo: kosa la kitabu ni langu, lakini "kama" siitaki.

Siku ile alibaki pale mlangoni na ile sahani. Nilikuwa nimekaa katikati ya godoro, miguu nimeinyosha, mtoto uchi kifuani akinilowesha, na sikuwa na kiti cha kumpa wala moyo wa kumkaribisha. Sikumwambia karibu. Nje redio za watu waliorudi kanisani zilianza kuimba, moja baada ya nyingine. Mama Consolata akavua viatu vyake, akaviweka sawa mlangoni. Sijui jina langu alilipata wapi. Mpaka leo sijui alimwuliza nani.

"Nafula," akasema, "sogea nikae."

Nikasogea.